Kuigiza maharamia wa kale: nani anavaa nini, na kwa nini kifungo kimoja kinazua ubishi

Kila mwisho wa Januari video za mji wa Tampa, jimbo la Florida, huzagaa kwenye simu. Meli yenye milingoti mirefu inaingia mjini, imejaa watu wenye kofia za pembe tatu, mapanga mabovu na vitambaa vyekundu kichwani, nao wanaurushia umati shanga za plastiki. Zikifika kwenye makundi yetu ya WhatsApp, maswali ni yale yale. Hawa ni kina nani? Wanasherehekea wezi? Na kwa nini kila mara hujitokeza mtu wa kusema kwamba viatu vile si vyenyewe, au kwamba haramia wa kweli hakuwahi kuvaa hivyo?

Ni maswali ya haki kabisa, hasa yakitoka pwani ya Afrika Mashariki. Septemba 2008 maharamia wa Somalia waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa inakuja Mombasa na vifaru 33, wakaishikilia hadi Februari 2009. Kesi za washukiwa wa uharamia zilisikilizwa Mombasa, na mwaka 2010 mahakama yenye ulinzi mkali ikafunguliwa Shimo la Tewa kwa ajili ya kesi za aina hiyo. Mwishoni mwa 2023 utekaji ulianza tena. Mtu mwenye mjomba au kaka anayefanya kazi melini hana sababu ya kucheka akimwona mzee wa Kizungu kajifunga bastola sita kifuani. Lakini hasira hiyo mara nyingi humwangukia asiyehusika, kwa sababu chini ya jina moja la "kuigiza maharamia" wamekusanywa watu wa aina tatu ambao hata wenyewe kwa wenyewe hawaelewani.

Aina ya kwanza ni watu wa sherehe. Tamasha la Tampa linaitwa Gasparilla na lilianza mwaka 1904. Jina limetokana na José Gaspar, haramia wa Kihispania ambaye hajapatikana katika kumbukumbu zozote za Hispania wala za Marekani. Ni mtu wa kubuni, na hadithi yake ilienezwa na matangazo ya biashara mwanzoni mwa karne ya 20. Ile meli ilijengwa mwaka 1954, haina injini, na huvutwa na tagi. Uingereza nako, mji wa Hastings ulikusanya watu 14,231 waliovaa kiharamia siku moja ya Julai 2012, wakaweka rekodi ya dunia. Hao wamekuja kufurahi, na wengi wao hawana haja ya kujua nani alivaa nini mwaka 1718.

Aina ya pili ni mashabiki wa filamu na michezo ya video. Wanashona vazi la mhusika wanayempenda, na ubora wa kazi yao unapimwa kwa kumfananisha na yule wa kwenye skrini. Kama mhusika ana buti hadi mapajani, na wao watavaa buti hadi mapajani, na watakuwa wamefanya sawasawa.

Aina ya tatu ndiyo inayohusika na makala haya: waigizaji wa historia. Hawa huchagua mahali na miaka maalumu, kisha hujitahidi kila wanachovaa, wanachoshika, wanachotumia kulia chakula na wanacholalia kiwe kitu ambacho kilikuwepo mahali hapo, miaka hiyo, na mtu wa hali ile angeweza kukipata. Hupiga kambi kwenye ngome za zamani na kwenye bandari zenye makumbusho, hupika kwa moto wa kuni, hushona mbele ya watu, hufyatua baruti, na kazi yao kubwa ni kujibu maswali ya watoto wa shule na wazazi wao. Wanapotumia neno "sahihi" wana maana ya vitu vinavyolingana na wakati wake. Ni kama kupiga filamu ya Dar es Salaam ya 1961, halafu nyuma ya mwigizaji ikapita bajaji. Bajaji yenyewe haina kosa. Imeingia tu katika mwaka usio wake, na mtazamaji anayeujua mji hawezi tena kuiamini picha nzima.

Kwa hiyo swali la kwanza la mwigizaji wa historia ni: mwaka gani? Watu wakisema "enzi ya maharamia" huchanganya takriban miaka 80. Henry Morgan aliyeuteka mji wa Panama mwaka 1671 alikuwa na kibali cha watawala wa Jamaika kuwashambulia Wahispania, na baadaye akapewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Miaka ya 1690 kulikuwa na waliovuka hadi Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu kuziwinda meli za mahujaji na wafanyabiashara wa Kihindi. Henry Every aliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme wa Wamoghuli waliotawala India, Septemba 1695. Kisha likaja kundi ambalo wengi wanalifikiria, la kina Blackbeard, haramia wa Kiingereza. Hilo lilitokana na amani. Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713 ulimaliza vita vya Ulaya, maelfu ya mabaharia wakaachishwa kazi, mishahara ikashuka, na Julai 1715 msafara wa meli za fedha za Hispania ukavunjwa na kimbunga pwani ya Florida. Watu wenye ujuzi wa bahari na wasio na ajira walikimbilia kwenye fedha hizo, wakaufanya mji wa Nassau, Bahama, kuwa kambi yao, mpaka gavana Woodes Rogers alipofika Julai 1718 na msamaha wa mfalme mkononi. Vazi la 1671 halifanani na la 1718. Mkata wa koti, urefu wa kizibao, umbo la kofia, vyote vilikuwa vimebadilika. Anayevaa koti la mwaka mmoja na kofia ya mwaka mwingine amemvalisha mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Swali la pili ni gumu zaidi: tunajuaje walichovaa? Nguo za mabaharia zilivaliwa mpaka zikaisha, kisha zikawa viraka na matambara ya kusugulia sitaha. Kilichobaki ni kidogo, na wapenzi wa jambo hili hukitafuta kwa subira inayonishangaza. Wanasoma orodha za mali za marehemu, matangazo ya magazeti yaliyoeleza mavazi ya watumishi na mabaharia waliotoroka, ushahidi uliotolewa mahakamani, michoro ya wasanii waliowahi kukanyaga bandarini, na mikataba ya serikali.

Mkataba mmoja hutajwa kuliko yote. Mwaka 1706 Jeshi la Majini la Uingereza liliagiza nguo za kuwauzia mabaharia wake, na maagizo yakaandikwa kitu kwa kitu. Jaketi la sufu ya kijivu lenye bitana nyekundu na vifungo 15 vya shaba. Kizibao chekundu kisicho na bitana, vifungo 18. Suruali nyekundu inayoishia chini ya goti, yenye mifuko mitatu ya ngozi na vifungo 13 vya bati. Mashati ya kitani yenye miraba ya buluu na nyeupe. Soksi za sufu za kijivu. Viatu vya ncha ya mviringo vyenye bizimu za shaba na ulimi wa chuma. Sasa utaelewa kwa nini mtu anaweza kumsimamisha mwenzake kambini akamhesabia vifungo. Karatasi ipo, idadi ipo, na aliyeweka vifungo tisa vya plastiki hana pa kujitetea.

Mtu atasema, hao walikuwa mabaharia wa serikali, maharamia walivaa vyao. Hapo ndipo penye fundo la mkanganyiko wote. Hakukuwa na vazi la haramia. Haramia wa 1718 alikuwa baharia wa meli ya mizigo au wa jeshi ambaye wiki iliyopita alikuwa kwenye ajira. Alipobadilisha upande hakubadilisha suruali. Aliendelea na shati lile lile la kitani, jaketi fupi lisilonasa kwenye kamba, suruali pana ya turubai na kofia ya sufu iliyofumwa, na akiteka meli alichukua nguo safi alizozikuta. Ndiyo maana mwigizaji aliyefanya kazi yake vizuri huwavunja moyo watoto kwa dakika chache za mwanzo. Wanatafuta haramia, wanamkuta kibarua wa bandarini.

Mfano mzuri kuliko wote unatoka bahari yetu. Kisiwa cha Sainte-Marie, upande wa mashariki wa Madagaska, kilikuwa na kituo cha biashara cha Adam Baldridge kati ya 1691 na 1697, na wateja wake wakubwa walikuwa maharamia. Tajiri mmoja wa New York, Frederick Philipse, alimpelekea bidhaa kwa meli, na Baldridge baadaye alieleza shehena hiyo katika ushahidi wake. Agosti 1693 meli ya Charles ilimshushia jozi 44 za viatu, dazeni 6 za soksi, dazeni 3 za mashati na suruali za madoadoa, kofia 12, vifaa vya useremala, mapipa 5 ya ramu, mvinyo wa Madeira, misumeno, vinoo, mapipa 3 ya baruti ya mizinga, vitabu vya kufundishia kusoma, Biblia 2 na mbegu za bustani. Isome tena taratibu. Hakuna buti. Hakuna makoti ya mahameli. Hivi ni vitu vinavyohitajiwa na wanaume waliochoka nguo, walio maelfu ya kilomita kutoka kwao, na ambao kama sisi sote soksi zao hutoboka. Mwigizaji anayetaka kuwa haramia wa Bahari ya Hindi ana orodha yake tayari, na anaweza kuongezea hariri na pamba za Kihindi zilizotekwa njiani.

Lakini asisahau malipo. Baldridge aliirudisha meli hiyo na fedha, ng'ombe 15 na watu 34 waliouzwa kama watumwa. Wamalagasi hatimaye waliinuka dhidi ya kituo chake mwaka 1697, na sababu mojawapo ilikuwa biashara hiyo ya kuwauza ndugu zao. Nitalirudia jambo hili mbele.

Visiwa vya Komoro navyo vimo katika habari hizi. Haramia William Kidd alifika Mwali mwaka 1697 na meli yake, akailaza ufukweni kuisafisha, na maradhi yakaua watu wake wapatao 50. Mwaka 1720 Edward England aliipiga meli ya Kiingereza ya Cassandra huko Nzwani na kuiteka. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya Karibi peke yake, ramani haimuungi mkono.

Sasa zile imani zilizozoeleka. Buti ndefu ndiyo kubwa. Buti za kufika pajani zilikuwa za mpanda farasi; kwenye sitaha iliyolowa, kwa mtu anayepanda kamba, zingekuwa mzigo na hatari. Baharia alivaa viatu vifupi vya ngozi vyenye bizimu, au alitembea miguu mitupu. Ushahidi mmoja wa viatu unaumiza roho. Meli ya Whydah ya haramia Samuel Bellamy ilizama Cape Cod, Massachusetts, usiku wa tarehe 26 Aprili 1717, na mabaki yake yakapatikana mwaka 1984. Mwaka uliofuata ikapandishwa kengele yenye jina la meli, hivyo hakuna shaka ni meli gani. Katika vitu vilivyopatikana kuna kiatu kidogo, soksi ya hariri na mfupa wa mguu wa mtoto wa miaka kati ya 8 na 11. Wataalamu wanaamini ni John King, mtoto aliyekuwa abiria kwenye meli iliyotekwa na Bellamy mwaka 1716 na ambaye aling'ang'ania kujiunga nao. Kiatu kile ni kielelezo cha washonaji wa leo, na kila ninaposoma kwamba mtu amekinakili kwa ajili ya kambi, namfikiria mvaaji wake wa kwanza.

Kitambaa cha kichwani kina habari tofauti kidogo. Sura tunayoijua ya haramia mwenye kilemba chekundu, mshipi mpana wa kitambaa kiunoni na hereni kubwa ilikuzwa na mchoraji Mmarekani Howard Pyle, aliyefariki mwaka 1911. Alihitaji sura itakayovutia msomaji, akaazima mavazi ya watu wa Hispania, na wachoraji na watu wa filamu wakamfuata. Wapo waigizaji wakali ambao kwa sababu hiyo hukataza kitambaa kabisa. Mimi nadhani wanakosea. Katika kesi ya maharamia wanawake Anne Bonny na Mary Read huko Jamaika mwaka 1720, mwanamke aitwaye Dorothy Thomas, ambaye mtumbwi wake waliuteka, alieleza kwamba wawili hao walivaa jaketi za kiume na suruali ndefu, wamefunga vitambaa kichwani, na kila mmoja ana panga na bastola. Huo ni ushahidi wa kiapo wa mtu aliyewaona ana kwa ana. Kitambaa rahisi cha kuzuia jasho kinaruhusiwa. Kilichozidi ni mapambo.

Lafudhi ile ya kunguruma, ambayo watu huiga kila tarehe 19 Septemba, siku ya kuongea kama haramia, umaarufu wake ulitokana na Robert Newton, mzaliwa wa Dorset, alivyomwigiza haramia kwenye filamu ya mwaka 1950. Mabaharia wengi walitoka kweli kusini magharibi mwa Uingereza, kwa hiyo si uzushi mtupu, ila meli moja ilibeba watu wa lugha nyingi. Kutembezwa kwenye ubao mpaka baharini: kwa maharamia wa enzi hii halina ushahidi wa maana. Hazina ya kufukiwa: Kidd alifukia mali Gardiners Island, kisiwa cha New York, mwaka 1699, na hadithi zote nyingine zimeota kwenye shina hilo, kwa sababu wengi waligawana na kutumia haraka. Bendera nyeusi ni ya kweli; nahodha wa jeshi la Uingereza aliripoti mwaka 1700, karibu na Cape Verde, bendera yenye fuvu, mifupa na saa ya mchanga. Ila ile yenye mifupa iliyosimama na kuuchoma moyo kwa mkuki, inayouzwa kila duka kama bendera ya Blackbeard, haina shahidi wa wakati wake. Gazeti la Boston la 1718 lilitaja fuvu tu.

Na wale waliovaa kifahari? Walikuwepo, wachache, na hasa manahodha. Bartholomew Roberts, kwa maelezo ya kitabu kilichochapishwa London mwaka 1724, aliingia kwenye pigano lake la mwisho na kizibao na suruali ya kitambaa cha kifahari chekundu, unyoya mwekundu kwenye kofia, na mkufu wa dhahabu wenye msalaba wa almasi shingoni. Shida ni kwamba kambini kila mtu anataka kuwa Roberts. Kambi yenye manahodha kumi na wawili na hakuna mpishi haifundishi kitu kuhusu meli.

Silaha ndiyo sehemu inayowavuta wengi na inayoeleweka kidogo. Bastola yao ni ya gumegume, na msomaji aliyewahi kuliona gobori anaujua ujamaa wake. Unavuta nyundo nusu. Unamimina baruti kwenye mtutu kwa mbele. Unatia baruti chembe chache kwenye kisahani kidogo kilichopo ubavuni, unakifunika kwa kifuniko cha chuma kilichosimama. Unavuta nyundo hadi mwisho. Ukifyatua, jiwe la gumegume lililobanwa kwenye nyundo hukipiga kifuniko, kifuniko hufunguka, cheche huanguka kwenye kisahani, kisahani huwaka, na mwali hupenya kwenye tundu dogo hadi baruti ya ndani. Kwa mtazamaji ni tukio moja, lakini masikio yanasikia mawili: mlio mdogo wa kisahani, kisha kishindo. Unyevu kidogo tu, unapata mlio wa kwanza na hakuna wa pili. Hii ndiyo sababu Blackbeard alielezwa kuwa na jozi tatu za bastola kifuani: kila moja ni risasi moja, na huenda isitoke. Whydah imetuachia bastola yenye utepe wa hariri bado umefungwa, ambao mwenyewe alijivika shingoni asiiangushe baharini.

Kambini hawatii risasi, baruti peke yake. Hata hivyo mwali wa mtutu huunguza na unaweza kupofusha, kwa hiyo sheria zao ni kali kuliko zote za mchezo huu. Silaha haielekezwi kwa mtu hata siku moja. Makundi mengi yanakataza kabisa kutumia fimbo ya kushindilia wakati wa maonyesho, kwa sababu fimbo iliyosahaulika ndani ya mtutu inageuka mshale. Silaha isipowaka, mshikaji husubiri akiwa ameielekeza pasipo na mtu mpaka msimamizi afike. Mapanga huwa butu, na mapigano hufanyiwa mazoezi hatua kwa hatua.

Kuhusu sheria za nchi, wengi hupotoshwa na wanachosoma mitandaoni. Marekani, sheria ya serikali kuu ya 1968 inazihesabu nakala za silaha za kale zisizotumia risasi za kisasa kuwa vitu vya kale, hivyo kununua ni rahisi, ingawa majimbo yana masharti yake. Uingereza inahitaji vibali vya polisi vya bastola na vya baruti. Tanzania gobori ni silaha ya moto na linahitaji leseni. Kusema "ni la kuigizia" hakutakusaidia kituoni. Na baruti haipandi ndege, popote duniani.

Nilisema nitarudi kwenye watumwa. Hapa usahihi wa zana unabeba uzito kuliko vifungo vyote. Whydah imepewa jina la Ouidah, Benin. Ilijengwa kubeba watumwa, na ilikuwa imeshawauza alioondoka nao Afrika pale Bellamy alipoiteka. Meli ya Blackbeard, Queen Anne's Revenge, ilikuwa La Concorde ya Kifaransa. Iliondoka Ouidah mwaka 1717 na Waafrika zaidi ya 500, na ilipotekwa Novemba mwaka huo wengi wao waliachwa kwenye kisiwa cha Bequia, huko Karibi, ambako Wafaransa waliwachukua tena wakaenda kuwauza. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1996 karibu na Beaufort, North Carolina. Mwigizaji anayejenga nakala ya chombo hicho na kuacha nje shehena yake amefuta nusu ya meli.

Kuna imani nyingine inayopendwa sana siku hizi, kwamba meli za maharamia zilikuwa visiwa vya uhuru kwa Mwafrika. Waafrika walikuwemo, ni kweli, na baadhi walibeba silaha na kupata mgawo kama wengine. Lakini tazama ilivyokwisha. Roberts alipouawa Februari 1722 karibu na Cape Lopez, Gabon, watu wake walipelekwa Cape Coast, nchini Ghana ya leo. Wazungu walishitakiwa, na 52 walinyongwa. Waafrika, zaidi ya 60, hawakupewa hata heshima ya kesi, waliuzwa. John Julian, kijana wa Kimiskito wa Amerika ya Kati aliyeokoka Whydah ilipozama, naye aliuzwa utumwani. Mweusi anayeigiza baharia wa 1718 ana kila haki ya kuvaa jaketi lile la kijivu na kushika bastola ile, na wapo wanaofanya hivyo vizuri sana. Ninachokitaka ni kambi ziwe na pingu mezani pamoja na ramu, na mtu aliyejiandaa kueleza zilikuwa za nani. Yapo makundi yanayofanya hivyo, na maswali wanayoulizwa na watoto ni mazito kuliko ya panga.

Kwa aliyesoma hadi hapa na bado anataka kuanza, labda uko Houston au Leicester na kuna kambi karibu nawe, wazoefu wana mpangilio mmoja. Chagua kwanza mwaka, bandari na kazi: mshona tanga, seremala, mpishi, baharia wa kawaida. Kisha shati, la kitani tupu. Mkata wake ni mistatili na miraba mitupu, pamoja na kipande kidogo cha kwapani, wala halimshindi anayeanza kujifunza sindano; mashine ya kushona itumie ndani pasipoonekana, nje maliza kwa mkono, kwa kuwa mshono wa mashine ni wa karne ya 19. Fuatisha suruali pana, soksi na viatu, maana viatu vibaya huonekana kutoka mbali. Halafu kofia ya sufu, na jaketi ukishapata fedha. Zipu, raba na saa ya mkononi vibaki kwenye gari, na simu uifiche ndani ya mfuko wa kitani. Kikombe cha bati, bakuli la mbao, kisu, na blanketi la sufu vinatosha kulala usiku wako wa kwanza. Bastola nunua mwisho kabisa, baada ya kufundishwa na kundi lako kuishika. Wengi wa wale ninaowaheshimu katika kazi hii hawana bastola hata moja. Wanakaa kwenye kiti kidogo wakishona tanga, na ndio wanaozungukwa na watu mpaka jioni.